Kazi, Masomo na Ufundi: Ruashi katika Historia ya Kuwaandaa Vijana wa Katanga kwa Kazi ya Kesho

Katika Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi kuna maneno mawili yanayostahili kuangaliwa kabla ya jambo jingine lolote. La kwanza ni masomo. Mtoto wa Ruashi haendi shuleni, bali huenda ku masomo, na neno hilo hubeba jengo, darasa, mwalimu na ada kwa pamoja. La pili ni kazi. Pwani ya Afrika Mashariki kazi ni shughuli yoyote inayomtoa mtu jasho: kulima ni kazi, kuvua ni kazi, kupika ni kazi. Lubumbashi maana ya neno hilo imebanwa. Mwenye kazi ni mtu aliyeandikwa, mwenye mwajiri, mshahara na namba yake. Mwanamke anayeamka alfajiri kwenda kutafuta unga wa kuuza sokoni husemwa, na aghalabu hujisema mwenyewe, kwamba hana kazi, anajitafutia tu. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeishi na wafanyakazi wa migodi ya Katanga, aliona uzito wa neno hilo hata akalitungia makala nzima mwaka 1973, akichunguza jinsi lilivyoeleweka miongoni mwa wafuasi wa Jamaa, harakati ya kidini iliyoanzishwa na padri Placide Tempels miaka ya 1950.

Makala haya yanahusu uhusiano wa maneno hayo mawili. Kwa muda unaokaribia karne moja, masomo ya Katanga yalikatwa kwa kipimo cha kazi, na kipimo hicho kilishikwa na mwajiri mmoja. Kila kizazi kiliambiwa ni ujuzi gani utakaohitajika kesho, na kila mara aliyeambiwa alijiandaa kwa kesho ya mtu mwingine. Tarafa ya Ruashi, iliyoko upande wa kaskazini-mashariki ya jiji, inafaa kuwa kioo cha historia hiyo kwa sababu iko mlangoni mwa machimbo bila ya kuwa mtaa wa kampuni.

Ufundi kabla ya kampuni

Ni kosa la kawaida kuianza historia ya mafunzo ya kazi Katanga kwa kufika kwa Wabelgiji. Shaba ilichimbwa na kuyeyushwa huko kwa karne nyingi, na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha ilisafiri mbali na machimbo. Mahali ambapo Wazungu walipaita Étoile, yaani Nyota, kando ya Ruashi ya leo, palikuwa na jina lake, Kalukuluku, na palijulikana kwa madini ya kijani kabla ya mtaalamu yeyote wa jiolojia kupaandika katika ramani.

Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini ambaye kwa mambo mengine hakuwa rafiki wa fikra za Waafrika, alichapisha mwaka 1926 maelezo ya walioitwa “walaji wa shaba”. Wazee wa Kiyeke walikuwa wameirudia kazi ya kuyeyusha mbele ya macho yake. Maelezo hayo yanaonyesha uanagenzi kamili: kujua msimu, kuchagua mawe kwa rangi na uzito, kuchoma mkaa wa mti ufaao, kujenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, kuvuta mivukuto kwa mwendo mmoja bila kuchoka, na kutambua kwa jicho wakati chuma kimeiva. Ujuzi huo ulirithishwa, ulifungwa kwa miiko, na haukutolewa kwa kila mtu. Hapa pasikosewe: haukuwa elimu ya wote. Lakini mwanagenzi alijifunza kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na aliyeufahamu ufundi huo alikuwa bwana wa mambo yote, kuanzia jiwe hadi msalaba.

Wayeke wenyewe walitoka mashariki, nchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi katika Tanzania ya leo. Mfalme wao Msiri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, alifanya biashara na pwani zote mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Atlantiki. Kwa hiyo Kiswahili kilifika Katanga kwanza kama lugha ya misafara. Kujua lugha hiyo kulikuwa tayari ni ujuzi wa kujipatia riziki kabla ya mshahara wa kwanza kulipwa.

Mikono ya kampuni

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa katika tanuri la Lubumbashi kwa mawe yaliyotoka Étoile. Mafundi walikuwa Wazungu, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia. Wafanyakazi wa Kiafrika waliletwa kwa mikataba ya miezi michache kupitia ofisi ya kuajiri iliyofunguliwa mwaka 1910, Bourse du Travail du Katanga. Hakuna aliyefikiria kuwafundisha. Walihitajika kubeba, kusukuma na kuchimbua, kisha kurudi kwao kabla hawajajua mengi.

Lugha ya amri katika miaka hiyo ilikuwa ile lahaja iliyochanganywa migodini kusini mwa Afrika. Namna Kiswahili kilivyokuja kuchukua nafasi yake imeelezwa na Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Watawala wa Kibelgiji walihofia nguvu ya Waingereza kutoka Rhodesia, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza uajiri ukaelekea kaskazini na mashariki, Lomami na Ruanda-Urundi. Kiswahili kikachaguliwa. Ukivitazama vitabu vidogo walivyotungiwa Wazungu wajifunze lugha hiyo, sura inayojitokeza zaidi ni ile ya kuamuru: leta, beba, fanya, nyamaza. Lakini wafanyakazi hawakubaki katika amri. Walitoka makabila mbalimbali, wakaishi ukuta kwa ukuta, wakaoana, wakaombana chumvi, na katika kizazi kimoja lugha ya msimamizi ikawa lugha ya mama kwa watoto wao. Pengine huu ndio ujuzi mkubwa kupita wote uliopatikana kambini, na hakuna shule iliyoufundisha wala mwajiri aliyeupangia fedha.

Mafunzo rasmi ya ufundi yalianza mapema kuliko wengi wanavyodhani, ingawa kwa watu wachache. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville mwaka 1911, na mwaka 1912 wakafungua shule ya ufundi kwa vijana wa Kiafrika, ambayo baadaye ilihamia Kafubu nje ya mji. Useremala, ushonaji, uhunzi na kazi za kiwanda zilifundishwa huko. Baadhi ya shule za shirika hilo mjini zilikuja kupewa majina ya Kiswahili, Imara na Salama, na ni vigumu kutoona katika majina hayo kile ambacho wazazi wa Katanga walikitafuta katika masomo.

Badiliko kubwa lilikuja miaka ya mwisho ya 1920. Kampuni ilichoka kumpoteza mfanyakazi kila baada ya miezi sita, na watawala nao waliona vijiji vinakauka. Ikaanzishwa siasa ya kuwatuliza wafanyakazi: mkataba wa miaka mitatu, nyumba ya kuishi na mke, posho ya chakula, hospitali, na shule kwa ajili ya watoto. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa kiongozi wa idara ya wafanyakazi wa Kiafrika, aliitetea siasa hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1946, na ndani yake Mwafrika anatazamwa kama mtoto na kampuni kama mzazi. Shule za kambini zilikabidhiwa wamisionari Wabenediktini. Mpango ulikuwa wazi: mtoto azaliwe katika hospitali ya kampuni, asome katika shule ya kampuni, aingie karakana ya kampuni, na siku moja achukue nafasi ya baba yake kwa gharama ndogo kuliko ya kumleta mgeni kutoka mbali. Wasichana walipelekwa katika nyumba za kinamama kujifunza kushona, kupika na kutunza watoto, ili mfanyakazi apate mke ajuaye maisha ya kambi.

Haki inataka isemwe kwamba shule hizo zilifanya kazi yake. Mafundi wa mitambo, wachomeleaji, madereva wa vichwa vya treni, wauguzi na makarani walitoka humo. Lakini zilikuwa na dari, na dari hiyo ilikuwa ya makusudi. Kijana alifundishwa hesabu ya kutosha kupima bomba, si ya kutosha kuuliza kwa nini bomba lina upana huo. Kifaransa kilitolewa kwa kijiko. Ufundi wenyewe ulikatwa vipande vipande: mmoja alijua mashine moja, mwingine nyingine, na aliyejua mtambo mzima alikuwa Mzungu. Kwa kipimo hiki mwanagenzi wa tanuri la kichuguu alikuwa amefundishwa zaidi.

Udhaifu wa mpango ulionekana kabla haujatimiza miaka mitano. Mdororo wa uchumi wa dunia wa 1930 hadi 1932 uliangusha bei ya shaba, na maelfu ya wafanyakazi waliokwisha kuitwa watulivu walirudishwa makwao. Mwezi Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei ya vyakula, wafanyakazi wa Lubumbashi waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Askari wakawafyatulia risasi, na Léonard Mpoyo, msemaji wao, aliuawa pamoja na wengine wengi. Kampuni ilikuwa imewafundisha watu kusoma na kuhesabu. Haikutazamia kwamba wangezihesabu faida zake.

Ruashi, mtaa usio wa kampuni

Elisabethville haikuwa kambi tu. Palikuwa na mji wa pili wa Waafrika wasio chini ya Union Minière: watumishi wa nyumbani, wachuuzi, washonaji nguo, makarani wa serikali, mafundi wa baiskeli, wajenzi, wanawake waishio peke yao. Kwao palitengwa mitaa iliyosimamiwa na serikali, kuanzia Albert, yaani Kamalondo ya leo, kisha Kenya, Katuba, na mwishowe Ruashi. Mnamo Desemba 1957, Wabelgiji waliporuhusu uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya miji, Ruashi ilikuwa miongoni mwa tarafa nne za Waafrika zilizopiga kura Elisabethville.

Tofauti ya kambi na mtaa haikuwa ya majengo tu. Aliyekaa kambini alipewa. Aliyekaa Ruashi alinunua. Mtoto wa kambini alikuwa na shule na karakana vikimngoja, mtoto wa Ruashi alitegemea shule ya misheni au ya serikali kama nafasi ipo, na kama haipo alikaa na fundi wa jirani, akashika ufunguo na kutazama. Wakati wa fahari ya kampuni, hali hiyo ilihesabiwa kuwa unyonge, na watu wa mitaa waliwaonea wivu watu wa kambi. Wanahistoria nao wamewafuata wenye fahari: maandishi kuhusu wachimba madini ni mengi mno, na kuhusu fundi wa baiskeli ni machache.

Ndiyo maana maandishi ya André Yav ni hazina. Mwaka 1965 mtu huyu, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha huko huko historia ya Elisabethville kama ilivyoonekana kutoka jikoni. Maandishi hayo yalichapishwa na kufasiriwa na Fabian mwaka 1990. Yav hakuwa amefundishwa kuandika historia. Hakufuata tahajia sanifu, na wasomi wa isimu wamejadili sana jinsi ya kuyasoma maneno yake. Hata hivyo alikuwa na ujuzi usio na cheti: kusikiliza, kukumbuka, kulinganisha yaliyosemwa sebuleni na yaliyotendwa uani, kisha kuyaandika katika lugha ambayo wenzake wangeielewa. Katika wasifu wowote wa kuombea kazi leo stadi hizo zingepewa majina makubwa.

Chuo kikuu kilifunguliwa Elisabethville mwaka 1956, na ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kilichelewa. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika thelathini, na katika migodi ya Katanga karibu wahandisi wote walikuwa wageni. Siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitenga, na mpaka Januari 1963 mgogoro wa nani amiliki shaba ulipiganwa kwa bunduki. Swali la nani ajuaye kuiendesha liliahirishwa.

Baba anapoondoka

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière, na baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa shirika hilo likawa Gécamines. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jimbo lenyewe likaitwa Shaba, na likabaki na jina hilo mpaka 1997. Ni nadra kwa watu kuitwa kwa jina la bidhaa inayouzwa nje ya nchi yao, lakini vijana wa Lubumbashi walilichukua kwa fahari, na kweli palikuwa na sababu. Wakongo walipanda vyeo, wahandisi waliosomea Lubumbashi wakashika mitambo, shule za Gécamines zikawa ndoto ya kila mzazi. Mwaka 1986 uzalishaji ulizidi tani 470,000 za shaba. Kampuni iliitwa baba na mama, na si kwa mzaha: ilitoa unga, daktari, madaftari na jeneza.

Kisha baba akaondoka. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka. Mitambo ilikuwa imechakaa kwa sababu fedha za matengenezo zilichukuliwa kwa mambo mengine. Kati ya 1991 na 1993 chuki za kikabila zilizochochewa na wanasiasa wa jimbo ziliwafukuza maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, na miongoni mwao walikuwamo mafundi, wahasibu na walimu waliozaliwa Katanga na wasioijua nchi nyingine. Karakana na madarasa yaliwapoteza kwa mkupuo mmoja watu ambao kuwafundisha kulikuwa kumechukua vizazi viwili. Kufika mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ililimbikizwa miezi kwa miezi. Serikali ilipoacha kuwalipa walimu ipasavyo, wazazi ndio waliochangishwa kuwalipa, desturi iliyodumu mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amelieleza anguko hilo katika kitabu cha mwaka 2001, ambacho jina lake linazungumzia watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Jambo analoliweka wazi ni kwamba mamlaka ya baba nyumbani yalisimama juu ya posho ya kampuni. Posho ilipokoma, mke aliyekuwa akiuza mikate na mafuta ya mawese akawa mlezi wa familia, na mume mwenye cheti cha ufundi akakaa barazani. Mwanamke huyo alikuwa amefundishwa kushona na kupika katika nyumba za kinamama. Hakuna aliyemfundisha kukopa, kukadiria faida, kuweka akiba kwa zamu na wenzake wala kusafiri mpaka Kasumbalesa kufuata bidhaa. Hayo aliyajifunza mwenyewe.

Hapo ndipo mizani ya kambi na mtaa ilipogeuka. Watu wa Ruashi hawakuwa matajiri, na umaskini wa miaka ya 1990 haukuwaruka. Lakini walikwisha kuzoea kuishi bila ya baba. Mtu aliyejua kazi nzima, hata kama kazi yenyewe ni ndogo, kama vile kutengeneza kiatu kuanzia ngozi mpaka kisigino, aliweza kuibeba kwapani na kwenda nayo. Aliyejua kuendesha mashine moja ya aina moja katika kiwanda kimoja alibaki na ujuzi ambao, kiwanda kikifungwa, haukuwa na mahali pa kukaa. Asilaumiwe fundi huyo: alifanya vizuri kila alichoombwa.

Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya mkupuo na kuachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Benjamin Rubbers, aliyewafuata watu hao na kuchapisha matokeo ya utafiti wake mwaka 2013, ameonyesha jinsi neno “hiari” lilivyokuwa na uchungu kwao. Waliokuwa na mshahara usiolipwa kwa miaka hawakuwa na mengi ya kuchagua. Fedha ziliishia katika madeni, ada, matibabu na biashara zilizofungwa upesi. Kati ya waliojikwamua, wengi walirudi shambani, wakafundisha, au wakafungua karakana ndogo: kazi zilizotaka kusoma, kuhesabu na kuongea na watu zaidi ya kujua mashine.

Mgodi mpya, ufundi mpya

Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilifungua milango kwa makampuni ya kigeni na pia ikamtambua mchimbaji wa mikono. Wakati mashimo ya Ruashi yakiwa hayana mwenyewe wa kuyasimamia, wengi waliteremka humo kwa sululu na viroba, wakiwamo wanafunzi waliokosa ada. Ni rahisi kuiona kazi hiyo kama nguvu tupu. Mchimbaji wa mikono alijifunza, kama wazee wa Kalukuluku, kutofautisha kwa jicho jiwe la kijani lenye shaba na jiwe jeusi lenye kobalti. Lakini bei ilipangwa kwa mizani na kipimo cha mnunuzi, na asiyejua kusoma kipimo hicho aliuza gizani. Udongo uliporomoka pia, na wapo ambao hawakupanda tena.

Kampuni ya Ruashi Mining, iliyokuwa chini ya Metorex ya Afrika Kusini huku Gécamines ikiwa mshirika mdogo, ilianza kuzalisha mwaka 2006. Mwaka 2012 Metorex ikanunuliwa na kundi la Jinchuan kutoka China. Étoile nayo, shimo la mwaka 1911, ikaendelezwa na kampuni ya Chemaf. Kwa hiyo katika umri wa mtu mzima mmoja, mtoto wa Ruashi ameshuhudia ardhi ile ile ikisimamiwa kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa Kichina.

Ufundi wenyewe umegeuka pia. Tanuri la moto na bomba refu la moshi, alama ya Lubumbashi, si tena moyo wa kazi. Mawe ya Ruashi husagwa, huyeyushwa kwa asidi ya salfa, shaba hutenganishwa kwa viyeyushi, kisha umeme hupitishwa katika mabirika mpaka shaba safi igande juu ya mabamba. Kobalti hutolewa kwa njia ya kemikali. Anayehitajika hapo si mwenye mabega mapana. Ni mtu wa maabara, fundi umeme, fundi wa vyombo vya kupimia, dereva wa mashine inayojieleza kwa namba katika kioo, na mtu anayejua asidi ikivuja afanye nini kwanza. Watu hao ni wachache kwa kila tani kuliko zamani. Kazi nyingi zinazobaki, za ulinzi, upishi, usafirishaji na matengenezo, zimepelekwa kwa wakandarasi wadogo, ambao sheria ya mwaka 2017 inataka wawe na mtaji wa Wakongo, na mikataba yao mara nyingi ni mifupi. Kwa upande wa muda, mfanyakazi wa leo anafanana na yule wa mwaka 1911 kuliko anavyofanana na babu yake wa mwaka 1955.

Ndiyo maana shauri linalotolewa mara kwa mara, kwamba shule za Lubumbashi zifundishe “kile migodi inachotaka”, halina budi kupokelewa kwa tahadhari. Shauri hilo si jipya. Lilitolewa kwa maneno yale yale katika miaka ya 1920, likatekelezwa kwa uangalifu mkubwa, na matokeo yake yalikaa barazani mwaka 1995. Hii haina maana kwamba kemia na umeme visifundishwe. Vifundishwe, tena kwa vifaa na si kwa chaki peke yake, kwani mwanafunzi wa sekondari ya ufundi asiyewahi kushika kipimo cha umeme amekaririshwa tu. Lakini vifundishwe mpaka juu, pamoja na ile “kwa nini” iliyofichwa nyuma ya dari la zamani, ili mwenye kujua umeme wa mabirika ya shaba aweze pia kufunga umeme wa kisima, wa kinu cha unga au wa zahanati siku mgodi utakapofungwa. Mashimo ya shaba yana mwisho. Étoile ilikwisha kuachwa mara moja.

Lipo pia suala la lugha, ambalo wapangaji wa elimu huliacha nyuma kana kwamba ni pambo. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitaja lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, kuwa lugha za kufundishia, lakini vitabu vya sayansi kwa Kiswahili cha Kongo ni haba sana, na walimu hutafsiri kwa mdomo, kila mmoja kwa njia yake. Matokeo ni kwamba lugha ambayo watu wa Katanga waliijenga wenyewe kazini ndiyo isiyo na istilahi zilizokubaliwa za kazi ya leo. Tanzania na Kenya zimetunga nyingi, ila istilahi haisafiri yenyewe, na neno lililozoeleka Dar es Salaam huenda likachekesha Ruashi. Kazi ya kuziokota zile ambazo mafundi wa Lubumbashi wanazitumia tayari, pamoja na zile walizozichota katika Kifaransa na kuzivika viambishi, ingewafaa wanafunzi zaidi ya kamusi iliyotungwa mbali.

Kwa sasa kijana wa Ruashi anayesomea umeme hufanya mtihani wake wa taifa kwa Kifaransa. Akibahatika kupata kazi mgodini, atakuta maandishi ya mtambo kwa Kiingereza au kwa Kichina. Na zamu ya usiku ikianza, atamweleza mwenzake kwa Kiswahili ni waya upi asiuguse.